Hewa Ndani ya Injini ya Mkwe

Mume wangu hakuna anayemwita kwa jina lake. Mafundi wenzake, wateja, majirani, wote humwita Hebu, na kosa ni lake mwenyewe. Ukimwambia boliti imekaza, atasema hebu nione. Ukimwambia nje kunanyesha, hebu nione, na atatoka kwenda kulowa ndipo aridhike. Alipokuja kunichumbia aliniuliza kama najua kupika. Nikamwambia najua. Akauliza shahidi ni nani. Shangazi yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka; nilimjibu kwamba shahidi atakuwa yeye mwenyewe siku atakayokula, na kama hataki, njia aliyojia bado ipo. Nadhani jibu lile ndilo lililomfanya anioe. Lilikuwa kali kiasi kwamba hakuona pa kulitilia shaka.

Watu hudhani aliwahi kutapeliwa ujanani, au kusalitiwa na rafiki wa karibu. Wapi! Hajawahi kupoteza hata msumari. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliniambia kwamba hata alipokuwa mchanga alikuwa akilikodolea macho titi kwanza, ndipo anyonye. Kazaliwa hivyo na atazikwa hivyo, na siku hiyo sijui nani atampimia kina cha kaburi kwa niaba yake.

Nimeishi naye mtu huyu. Nikirudi na maziwa huyanusa mbele yangu, halafu nikigeuka huyanusa tena akidhani sioni. Kuna siku nilimpasha maneno ya kumtosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nani kanifundisha kusema hivyo. Lakini haki ya mtu nisimnyime: lori lililopita mikononi mwake halikurudi gereji kwa ubovu ule ule. Ndiyo maana uwanja mdogo wa ndege ulioko nje ya mji ulipotafuta fundi wa kukaa kwenye banda lake, walimchukua yeye. Ndege zenyewe ni zile ndogo za kunyunyizia mashamba dawa. Huko tabia yake waliiita umakini. Nyumbani tuliiita kero.

Mtoto wetu wa mwisho ni binti, tunamwita Kitinda. Katika watoto wote huyo ndiye aliyerithi kichwa cha baba yake. Akishaamua jambo, ameamua. Akaamua kuolewa na rubani. Rubani mwenyewe ni kijana mrefu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikononi, anayekusalimia huku ameinamisha kichwa. Mimi nilimpenda siku ile ile. Hebu akasema adabu ikizidi kiasi kuna kitu inaficha. Akamchunguza mwaka mzima asipate kitu, na huko kutopata kitu ndiko kulikomtia wasiwasi zaidi.

Ndoa ikapita. Rubani akanunua ndege kuukuu ya viti viwili, akaitia injini nyingine, ya aina ambayo mafundi wengi wa pale walikuwa wakiisikia tu. Hebu alinieleza kwa kutumia sufuria na kipande cha muhogo. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake kuna kipande cha chuma chenye pembe tatu kinachozunguka ndani ya chumba kilichobanana, kuzunguka tu, mfululizo. Ni nyepesi na ina nguvu, lakini ina moto mwingi, na huo moto hupozwa na maji yanayopita kwenye vijia vyembamba ndani ya kuta zake. Basi maji yakiwa kamili, mambo ni shwari. Hewa ikibaki humo ndani, pale ilipokaa maji hayafiki, chuma kinaungua mahali pamoja, kinapinda, na injini inazima. Gari likizima unaegesha pembeni. Angani hakuna pembeni, alisema, akautazama ule muhogo kana kwamba nao una hatia.

Na chini ya njia waliyokuwa wanaitaka hawa watoto hakukuwa na hata shamba la kutua. Rubani alikuwa amepata kazi upande wa pili wa msitu, kwenye hospitali moja, kubeba dawa na wagonjwa. Walikuwa wahamie huko, na waende kwa ndege hiyo hiyo, yeye na Kitinda, juu ya miti mwanzo mpaka mwisho. Msimamizi wa banda akampa Hebu kazi ya kuitayarisha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amezoea injini zinazopozwa kwa maji. Akaikubali shingo upande. Akawaita wote wawili, akaweka alama ya rangi kwenye chupa ya maji ya injini, akasema: siku nitakayofungua asubuhi nikakuta maji yako pale pale nilipoyaacha, ndiyo siku mtakayoondoka. Kabla ya hapo nisisikie habari ya safari.

Kutoa hewa ni kazi ya subira. Unajaza maji yaliyochanganywa na dawa ya kijani, unaacha mdomo wa kutilia maji wazi, unawasha injini, unaminya mipira inayopitisha maji kwa mkono, nayo inatema viputo na maji yanashuka. Unaongeza. Unazima, unaiacha ipoe. Inapopoa inavuta maji mengine, hewa inajipenyeza kutoka ilikojificha, na asubuhi unakuta yamepungua tena. Unaongeza tena. Kila siku inatema kidogo, inakunywa kidogo. Ndivyo ilivyoenda siku za mwanzo. Hebu alirudi nyumbani na harufu ya ile dawa kwenye ovaroli, hana raha, lakini hana neno.

Halafu ghafla maji yakaacha kushuka. Asubuhi moja yalikuwa kwenye alama. Asubuhi iliyofuata, kwenye alama. Rubani akashangilia, mafundi wenzake wakampa Hebu mkono, Kitinda akaja nyumbani kuchukua sanduku lake la zamani. Mimi nilianza kumkunjia shuka za kwenda nazo. Hebu peke yake ndiye aliyekaa kitako kwenye kiti chake bila kuvua viatu.

"Juzi ilikuwa na kiu," akasema, "leo imeshiba. Imeshibaje?"

Nikamwambia kila chenye kiu siku moja hushiba. Kesho yake akaja na gilasi mbili za maji ya kijani, akaziweka mezani karibu na chakula, akaniuliza ipi imekolea zaidi. Nikamwambia zote kijani, na aziondoe mezani kwangu. Akanitupia jicho ambalo kwa miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akiwatupia wauza nyama tu. Ile gilasi moja ilikuwa na maji aliyoyachanganya yeye mwenyewe, nyingine maji aliyoyavuta kwa bomba la sindano kutoka kwenye injini. Ya injini yalikuwa yamepauka. Maana yake mtu alikuwa akiongeza maji matupu kwenye chupa kila asubuhi kabla yeye hajafika, ili ayakute kwenye alama. Na maana ya hilo ni kwamba injini ilikuwa bado inakunywa, na hewa ilikuwa bado imo.

Nitasema kweli yangu. Mtu wa kwanza niliyemshuku ni mume wangu mwenyewe. Niliona wazi: binti yake wa mwisho anaondoka, na mzee anatafuta sababu. Leo ni rangi ya maji, kesho itakuwa sauti ya gurudumu, na mtoto atazeeka uwanjani akisubiri. Nikamwambia hivyo hivyo usoni. Hakukasirika. Alinijibu taratibu.

"Mama Kitinda, mimi ningetaka kuwazuia ningeifanya ionekane mbovu. Huyu anaifanya ionekane nzima."

Shuka iliyokuwa mkononi nikairudisha kabatini, na tangu siku ile hofu ikaniingia.

Funguo za banda walikuwa nazo watu watatu: msimamizi, aliyekuwa amesafiri, Hebu, na rubani. Kwa hiyo kwa mume wangu kesi ilikwisha. Ila alitaka kumkamata mtu na kitu mkononi. Alimwalika mkwe chakula cha mchana, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kwa hiari yake, na muda wote akawa anamwangalia vidole. Alimpa jagi amimine maji, akatazama anavyomimina. Alimuuliza huwa anaamka saa ngapi, na huwa anapita wapi kabla ya kufika kazini. Kijana wa watu akajibu kila swali, "ndiyo baba, hapana baba." Kitinda alikuwa kimya kuliko kawaida yake. Mimi nilidhani ni aibu kwa ajili ya mumewe. Nyumba ikawa nzito. Hata mimi nilijikuta nikitega sikio nyuma ya mlango wa jikoni, nimsikie rubani anasema nini nikiwa sipo, mimi ambaye sikuwahi kumdhania mtu ubaya.

Siku iliyofuata Hebu alinitaka nifike bandani mchana na chupa ya chai. Hakuwa na shida na chai. Alitaka shahidi. Nilikuta ndege imesimama ndani, pua juu na mkia chini, kwa kuwa ni ya aina ile yenye gurudumu dogo mkiani. Kifuniko cha injini kilikuwa wazi. Gilasi mbili zilikuwa juu ya sanduku la spana. Rubani amesimama upande mmoja, Kitinda upande wa pili, na mume wangu katikati akifuta mikono ambayo haikuwa michafu. Akawaeleza habari ya rangi, neno kwa neno, bila kupaza sauti. Kisha akamgeukia mkwe.

"Nani ameongeza maji humu?"

Rubani alimtazama mkewe kidogo tu, halafu akatazama sakafu. "Ni mimi, baba. Nilikuwa na haraka."

Na sasa tazama maajabu. Mtu asiyeamini hata saa ya ukutani aliliamini jibu lile papo hapo. Hakusema hebu, hakuuliza shahidi. Lilikuwa ndilo jibu alilokuwa akilitafuta tangu siku ya posa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata kilichompotea. Akasema binti yake hapandi ndege ile wala nyingine yoyote ya mtu yule, na kwamba jioni atarudi nyumbani kwao.

"Baba, anakudanganya," Kitinda akasema. "Maji nimeongeza mimi."

"Unamfichia mumeo."

"Muulize basi nilimimina kwa kitu gani."

Hebu akamuuliza. Rubani hakujua. Kitinda akaeleza: alichukua funguo za mumewe kila alfajiri, mume akiwa bado amelala, akaja na baiskeli, akamimina maji ya kunywa mpaka kwenye alama, na kwa kuwa hakuona faneli ya kumiminia alikunja jalada la gazeti. Mumewe aligundua jana baada ya kile chakula, alipoona funguo zimetundikwa kwenye msumari mwingine ukutani, akamwomba amwache alibebe kosa yeye, kwa sababu yeye tayari hapendwi na hakutaongezeka kitu.

Mume wangu alikwenda kwenye pipa la taka, akapekua, akatoa jalada la gazeti lililokunjwa, limejikunyata kwa maji. Akalishika muda mrefu.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ulisema ukiyakuta pale pale utaridhika. Ukayakuta, ukaenda kutafuta gilasi." Akalinyooshea kidole lile jalada. "Tangu niko shule, baba, nikikuletea kitu kizuri unakigeuza nyuma kutafuta ufa. Nikaleta mume ukamgeuza pia. Nilitaka mara moja tu ukute kitu changu kizima."

Nilikasirika siku ile. Nilimkasirikia binti yangu, kwa kuwa roho aliyokuwa akiichezea ni yake mwenyewe, nami ndiye niliyeizaa. Nilimkasirikia baba yake zaidi. Nikawaambia wote wawili kwamba ni kichwa kimoja kimegawanywa, kwamba mmoja haamini kitu na mwenzake anataka kuaminiwa hata kwa uongo, na katikati yao mimi ningezika mtoto. Niliyasema hayo kwa ukali wote nilio nao. Hebu alikaa juu ya sanduku la spana, jalada la gazeti magotini, asiniulize nani kanifundisha.

Aliyefuata kusema ni rubani. Alikohoa kwanza.

"Baba, naomba kusema neno kuhusu injini. Nilitaka kulisema tangu mwanzo. Siku ya kwanza niligusia habari ya mpira ule wa juu, ukaniambia kazi ya rubani ni kukaa kwenye kiti. Nikanyamaza."

Hebu akainua kichwa. "Sema."

Kumbe ilikuwa hivi. Gari likitiwa maji, fundi huliegesha pua juu mlimani, kwa sababu mdomo wa kutilia maji uko mbele na hewa siku zote hupanda juu. Hebu amefanya hivyo maisha yake yote. Alipoona ndege imesimama pua juu yenyewe alifurahi, akaona imejiegesha. Lakini injini ile ilitoka kwenye gari, na kwenye ndege ilikuwa imefungwa kinyumenyume: upande wenye pampu na mdomo unatazama viti, na upande usio na mdomo ndio uliobeba propela. Kwa hiyo pua ilivyokuwa juu, hewa ilipanda mbele kabisa, ikakaa nyuma ya propela ambako hakuna pa kutokea. Ile iliyokuwa ikitoka kidogo kidogo ilikuwa ni vumbi tu la iliyobaki. Cha kufanya, rubani akasema, ni kuinua mkia mpaka uzidi pua.

Hebu aliitazama ile injini, akainama upande mmoja, akainama upande wa pili. Nilimwona akilipima neno la mkwe wake kama anavyopima kila kitu, na nikaona lilivyomwingia. Akasema kosa la kuegesha ni lake. Alilisema kwa sauti, mbele yetu, na kwa mtu yule hilo lilikuwa zito kuliko kuinua ndege.

Wakaleta jeki na pipa tupu, wakayazuia magurudumu ya mbele kwa magogo, wakainua mkia taratibu, rubani upande huu na Hebu upande ule, hadi ndege ikawa imeinama kama kuku anayedonoa. Hebu akafungua mdomo wa maji. Hata kabla ya kuwasha, injini iliguna. Kisha ikatema kiputo kikubwa, na kingine, na maji ya kijani yakazama yote yasionekane. Wakamimina, yakazama. Wakamimina tena. Niliona maji yanavyoingia na sikuona yanakoishia, nikaelewa, mimi nisiyejua injini, kwamba pale ndani kulikuwa na nafasi ya kuua watu wawili. Kitinda naye alielewa. Alikaa chini sakafuni na gauni lake safi, akaziba uso kwa viganja. Baba yake angeweza kumwambia neno. Aliendelea kumimina.

Walirudia kazi ile kwa siku kadhaa, mkia juu, sasa wakiwa wawili, na rubani akisema aonalo na Hebu akisikiliza. Maji yakashuka, yakashuka kidogo, yakasimama. Rangi ilikuwa imekolea. Rubani akairusha peke yake kuzunguka uwanja mara nyingi huku Hebu amesimama kwenye nyasi, na iliposhuka wakaipima, na maji yalikuwa kwenye alama.

Siku ya kuondoka Hebu alifika alfajiri, akakagua kila kitu, akafunga kifuniko cha injini na kusema imekwisha. Ndege ikatolewa nje. Mimi na rubani tukaenda kuleta mizigo iliyokuwa ofisini, na Hebu akaitwa mara moja kuondoa trekta lililokuwa limeziba njia ya kurukia. Tulirudi sote karibu wakati mmoja, tukamkuta Kitinda amesimama peke yake kando ya injini, mkono wake juu ya kile kifuniko.

Mume wangu akasimama ghafla. Na mimi nikasimama. Nilijua kilichokuwa kikipita kichwani mwake, kwa sababu kilipita na kwangu.

"Umegusa kitu, mwanangu?"

"Nimeegemea tu, baba. Sijagusa."

Bisibisi ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli ya Hebu. Mkono wake ukaingia mfukoni, nikauona unaishika kupitia kitambaa. Kifuniko kile ni skrubu chache tu, ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na hakuna ambaye angemlaumu. Rubani alishusha sanduku chini, akasubiri. Kitinda alimtazama baba yake bila kupepesa, macho yakimjaa machozi.

Mkono ukatoka mtupu. Akaupeleka kwenye mlango wa ndege, akamfungulia binti yake, akamsaidia kupanda, akamfunga mkanda. Kisha akazunguka upande wa pili, akampa mkwe wake mkono, akarudi nyuma kusimama nami. Ndege ilipopita juu ya miti nilimkumbatia mbele ya watu bila kujali.

Hakutaka kurudi nyumbani. Tulikaa kwenye nyasi, simu mkononi mwake, mpaka ikalia. Kitinda alisema wamefika salama. Hebu akasema haya mwanangu, nimesikia, akanipa simu, akaenda kusimama nyuma ya banda ili nisimwone analia.